Vitoto Saba, Jibu Moja

Mama Mbwa alipiga simu maabara akiwa na hasira ya kuwatosha watu watatu. Jina hilo alipewa na majirani, na mahali pengine lingeanzisha ugomvi, ila yeye alilibeba kama cheo. Alikuwa amefuga mbwa aina ya labrado, ukoo safi usiochanganywa, kwa miaka ishirini na miwili. Vizazi vyote alivichora kwenye karatasi ndefu aliyoibandika ukutani jikoni, pembeni imeshaota madoa ya mafuta. Alijua nani kamzaa nani kwa mbwa wake kuliko alivyojua kwa wakwe zake.

"Mlinipa vyeti saba," alianza, salamu ameziacha mlangoni. "Vyote vimeandikwa mbebaji. Mbebaji hapofuki, ninyi wenyewe mmesema. Leo mmoja wao anagonga viti sebuleni kwa watu! Daktari wa mifugo kamtazama macho, kasema yanakwenda. Tumempima upya, hapo hapo kwenu, mnaniambia ni mgonjwa. Nishike lipi, la juzi au la miaka minne iliyopita?"

"Shikamoo, mama," alisema dada wa maabara.

Aliitikia kwa kuguna. Dada akaomba namba ya vyeti, na kwa muda zikasikika kucha zake tu zikigonga vibonye.

Ugonjwa wenyewe hauna haraka. Unakula pazia la nyuma ya jicho, lile linalopokea mwanga, na unaanzia gizani: jioni, ukumbini, chini ya ngazi. Mchana wa jua mbwa anaona kama kawaida, mwenyewe hamshuku, mpaka siku ambayo hata jua halimsaidii tena. Kitoto kikirithi mbegu mbaya kwa mama na kwa baba, kitapofuka. Kikiirithi kwa mmoja tu, kitaona hadi uzee wake, ila kitaibeba na kuwapa watoto. Huyo ndiye mbebaji. Mama Mbwa aliyajua hayo kama anavyojua njia ya chooni.

"Mama yao ni mbebaji, naona hapa," dada alisema. "Na baba yao?"

"Mwenye dume aliniapia kuwa ni safi."

"Alikuonyesha cheti?"

"Aliapa."

Kucha zilinyamaza. "Sasa mama, vitoto saba vyote kupata jibu la mama yao, hata kimoja kisiponyoke. Hukushangaa?"

Hakushangaa. Alikumbuka vizuri siku bahasha ilipofika: alishukuru Mungu kwa sauti, akawapigia watu simu, akajisifu. Bahati huwa haiulizwi imetoka wapi.

"Siku uliyovipangusa mashavu, vilikuwa vimetengwa na mama yao kwa muda gani?"

Hapo mkono wa Mama Mbwa uliokuwa ukichezea waya wa simu ukatulia.

Hakuvitenga. Huo ndio uliokuwa ujuzi wake, na kauringia miaka. Kitoto cha wiki tano ukikishika mdomo kinajinyonganyonga na kupiga kelele, kijiti cha pamba kinaanguka, kazi inaharibika. Yeye alikuwa anaviacha vinyonye mpaka matumbo yakaze, kisha anakibandua kimoja papo hapo kwenye chuchu, mdomo bado uko wazi na maziwa yako ulimini, anazungusha kijiti shavuni mara kumi, kitoto hakina habari. Mtoto aliyeshiba hana kesi na mtu. Aliwafundisha hata wafugaji wenzake wawili. Ile karatasi ya maelekezo iliyokuja na vijiti aliigeuza, akaandika uzito wa vitoto nyuma yake. Mtu wa miaka ishirini kazini afundishwe na karatasi namna ya kupangusa shavu?

"Vilikuwa vimetoka kunyonya," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

Dada wa maabara hakumkaripia, na hilo lilimtisha zaidi. "Basi mdomoni mlikuwa na chembe za mama yao, mama. Kijiti kilizoa vyote pamoja. Inawezekana mara zote saba tulimpima mama yao."

"Kwa hiyo hao sita waliobaki?"

"Hatujui. Wengine huenda ni wazima kabisa, wengine huenda wanaumwa. Wote wapimwe upya. Kuna yeyote anayefanya kazi ya kutegemea macho?"

Macho ya Mama Mbwa yalikwenda kwenye karatasi ya ukutani.

"Kama yupo, mama, asimamishwe leo leo."

Alikuwepo mmoja. Vitoto vilipozaliwa, kila kimoja alikifunga uzi wa sufi shingoni, rangi yake, maana saba weusi wanaofanana huwezi kuwatofautisha kwa macho. Rangi zile zikageuka majina. Njano ndiye aliyekuwa akigonga viti nyumbani kwa mwalimu mstaafu. Zambarau, aliyekuwa mtulivu kuliko wote, alipelekwa shule ya mbwa waongozaji. Wakamkagua macho wakayaona mazima, wakakitazama cheti, wakaridhika, wakamfundisha, kisha wakamkabidhi kwa mtu asiyeona. Mtu huyo alikuwa kaka yake Mama Mbwa, tumbo moja.

Alimpigia. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena, na tena, huku akijua fika kwamba haitapokewa: kaka alikuwa mchua viungo kwenye zahanati, wagonjwa walimwita Daktari Vidole, na mikono ikiwa na mafuta simu huwa inalala ndani ya droo. Saa ilikuwa kumi na moja na dakika kumi. Saa kumi na moja na nusu Daktari Vidole huvaa koti, humfunga Zambarau mkanda wa kifuani wenye mpini, na wawili hao huondoka kwa miguu. Ni mwendo wa dakika kumi na mbili, wenye barabara kuu katikati.

Alichungulia dirishani. Mvua ilikuwa imekusanyika, na nje kulishaanza kuwa kiza kama saa moja jioni.

Alitoka na viatu vya bandani, akakwapua mkoba ambamo huwa hakosi kijiti kimoja au viwili vya akiba, akasimamisha teksi. Dereva alikunja pua akauliza kama amebeba mbuzi. Siku nyingine angejibiwa jibu la kumtosha mwaka mzima. Siku hiyo Mama Mbwa alisema tu, "Kimbiza, baba. Nakuomba, kimbiza."

Njia nzima aliona kitu kimoja. Miaka mitatu na nusu iliyopita, kaka akiwa bado anatembea na fimbo nyeupe, mkokoteni ulimgonga akavunjika mfupa wa bega. Mfupa uliunga. Mtu mwenyewe hakuunga. Alikaa mwaka mzima kwenye kiti cha karibu na dirisha, hatoki hata kununua sabuni, akisema anasubiri baridi ipungue, na baridi haikuwepo. Zambarau ndiye aliyemtoa kwenye kiti kile. Na Zambarau katoka mkononi mwake yeye, pamoja na cheti chake.

Teksi ilikwama kwenye foleni kabla ya makutano. Alishuka, akakimbia kando ya magari huku matone makubwa yakianza, na ndipo alipowaona, upande wa pili, mbele ya kivuko chenye mistari myeupe.

Kaka alisimama wima, kofia kichwani, mkono wa kushoto umeshika mpini. Zambarau alikuwa ubavuni pake. Magari yalisimama. Mbwa mwongozaji aliyefundishwa akiona njia iko wazi huanza yeye. Bega lake hutangulia goti la mtu kwa nusu hatua, na mtu hufuata anakovutwa. Mama Mbwa aliitafuta ile nusu hatua kwa macho akiomba aione.

Hakuiona. Kaka ndiye aliyetangulia, na mbwa akafuata.

Pikipiki ilichomoka katikati ya magari yaliyosimama, haina taa. Kaka alisita, akauvuta mpini kuelekea gotini kwake kwa nguvu, pikipiki ikapita mbele ya pua ya mbwa kiasi cha shubiri. Zambarau hakukwepa. Alishtuka baada ya upepo wake kumpiga usoni, wakati pikipiki imeshakwenda zake.

Daktari Vidole aliinama, akasema neno kwenye sikio la mbwa, wakavuka.

Mama Mbwa aliwaacha wapite, kisha akawafuata kwa nyuma. Hakuita. Aliogopa kwamba kaka akigeuka atateleza, Zambarau akigeuka atajikwaa. Kila kitu alichokiwaza kiliishia na mtu chini ya magurudumu. Akawalinda kwa macho tu, kwenye mvua, hatua kumi nyuma yao, mpaka walipoingia ndani na mlango kufungwa.

Alibisha. Mlango ulipofunguliwa, mwanga ulimpiga usoni hata akapepesa.

Kwa kawaida nyumba ile haikuwa na taa. Nyaya zilikuwepo, ila tangu kaka apoteze kabisa macho, miaka kumi na tisa sasa, balbu ikiungua imeungua, nani ahangaike nayo? Mama Mbwa akija jioni alikuwa akipika kwa tochi ya simu huku akilalamika. Leo ukumbi uliwaka. Sebule iliwaka, jikoni kuliwaka, chooni kuliwaka, na chini ya ngazi, kwenye kona ambayo balbu haifiki, kigoda kilikuwa kimewekewa tochi iliyoelekezwa juu kwenye vidato.

"Unanuka banda na mvua," kaka alisema. "Pita, mdogo wangu. Kuna nini?"

"Kaka, taa hizi za nani?"

"Umeme ni wangu. Kipofu haruhusiwi anasa?"

"Kaka."

Zambarau alikuja kumnusa mgeni, akitikisa mkia kwa furaha, na alipofika kwenye kivuli cha kabati alipunguza mwendo, akanyoosha mguu mmoja mbele kwanza, kama mtu anayeonja maji ya kuoga.

"Tangu lini?" Mama Mbwa aliuliza.

Kaka alitafuta kiti kwa kiganja, akaketi. "Miezi minne. Alianzia kule zahanati, kwenye ukumbi wa stoo. Alisimama ghafla, hataki kwenda. Nikadhani pana nyoka. Kesho yake tena, na pale hapana kitu, nimepapasa ukuta mzima. Kisha ikawa ngazi. Kisha ikawa siku za mawingu." Alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Nilimjua, mdogo wangu. Nilijifahamu mwenyewe. Mimi nilianza hivyo hivyo."

Kweli alianza hivyo hivyo, akiwa na miaka kumi na mmoja. Babu yao pia alikufa haoni, na shangazi yao, na nyumbani walisema ni kijicho cha watu. Ukoo wa mbwa umebandikwa ukutani vizazi tisa. Ukoo wa watu hakuna aliyeuchora.

"Na ukanyamaza miezi minne!"

"Ningesema nini? Shule wangekuja kumchukua, na mimi ningerudi kwenye kile kiti. Kinanisubiri pale dirishani, unakiona?"

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Afe nani? Magari nayasikia."

"Na pikipiki? Nilikuwepo, kaka. Nimeona."

Vile vidole ambavyo nusu ya mji ilivipangia foleni vilikwenda kwenye bega lililowahi kuvunjika, vikaupapasa mfupa. "Niliisikia," alisema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Niliisikia ilipokuwa imeshafika."

Mvua ilipiga paa. Mama Mbwa alikaa sakafuni na viatu vyake vya banda, akamkumbatia Zambarau shingoni, akasema yote: maziwa, chuchu, kijiti, karatasi ya maelekezo iliyogeuzwa kuwa daftari la uzito. "Ni mimi, kaka. Nilikuletea macho mabovu nikakuandikia kuwa ni mazima. Nilijiona najua." Akalia, na akilia alikuwa analia kwa kelele.

"Asiyesikia la mkuu," alisema kaka.

"Malizia tu, nimestahili."

"Simalizii, maana guu lililovunjika siku zile lilikuwa langu." Alinyoosha mkono hewani mpaka ukaupata utosi wa dada yake. "Unakumbuka tukitoka shule, jua likizama? Ulikuwa na miaka saba. Ulinishika ncha ya shati, ukawa unaninong'oneza: shimo, kaka. Jiwe, kaka. Mama hakujua, mwalimu hakujua. Ulinificha miaka miwili."

"Nilidhani nakusaidia."

"Nilikushukuru kila jioni. Na mimi ndicho ninachomfanyia huyu."

Mama Mbwa alijifuta pua kwa kiwiko. Alikuwa ameyasahau mashimo na mawe; kitu kimoja tu hakukisahau, na hawakuwahi kukizungumza. "Kaka, siku niliyopata homa nikabaki nyumbani," alisema, "ulirudi na nani?"

Siku ile alirudi peke yake. Aliangukia mtaroni mguu ukavunjika, akalala mle mpaka alfajiri, wapita njia wakidhani sauti ile ni ya paka. Na yeye, mtoto mwenye homa, alilala kitandani akijua kwa nini kaka hajafika, na hakusema, kwa sababu ni siri. Hofu ya usiku ule ndiyo aliyokuwa nayo kwenye teksi leo. Aliitambua sasa, haikuwa imebadilika hata kidogo.

"Nipe mpini, kaka."

"Wakimchukua?"

"Hawamchukui. Nitawaambia kosa ni langu, na nikisema kitu mimi unanijua, watachoka wao. Zambarau atazeekea hapa. Ila barabarani hakuongozi tena, wala wewe humwongozi. Nipe."

Mwisho kaka aliinama, akafungua vifungo viwili kwa dole gumba, kwa uzoefu, akauvua mkanda mgongoni mwa mbwa. Aliushika mpini kwa mkono wa kushoto kama alivyoushika miaka miwili na nusu, akaupapasa pale ulipolika. Akautoa.

"Kesho nitakwendaje kazini?"

"Saa moja kamili niko mlangoni. Kesho, na keshokutwa, na mpaka tupate mwingine aliyepimwa na mtu mwenye akili."

"Utanishika shati?"

"Nitakushika shati."

Akanawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Akatoa kijiti cha pamba mkobani, akakunjua karatasi ya maelekezo iliyofungwa nacho, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaisoma, kwa sauti, mstari kwa mstari, kaka akisikiliza kama shahidi. Mnyama asiwe amekula kwa muda wa saa moja. Wakasubiri saa nzima, Zambarau akiwatazama au akielekea wanakoketi. Kisha akazungusha kijiti shavuni mara kumi, akakianika kama ilivyoandikwa, akakitia kwenye bahasha. Jibu walikuwa nalo, ila safari hii litaandikwa sawasawa.

Kulikuwa na nyumba nyingine tano za kupigia simu, na sauti tano za watu waliomwamini. Aliogopa kila moja. Alisema ataanza akifika nyumbani, kisha akaona kwamba akifika nyumbani hataanza, akaketi ukumbini na kupiga ya kwanza, akapiga ya pili, mpaka ya tano, huku kaka akimwekea maji ya kunywa karibu na goti.

Alipomaliza alivaa mkoba, mpini ukiwa ndani, mzito kuliko alivyotegemea. Mlangoni mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye swichi, kwa mazoea ya kutoka nyumbani kwake mwenyewe.

"Nikuzimie taa, kaka?"

"Usizime," alisema. "Zambarau hajalala bado."